Jamvi na Chekeche

Kwako Dada mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku bondeni. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba lile jiko lenu la kuni limeacha kufukiza moshi ndani kama lilivyofanya mara ya mwisho nilipokuja, tukakaa mezani tunatokwa machozi kama waliofiwa. Sisi huku hatujambo. Wifi yako hajambo, ila anasema nimekonda. Najitazama kwenye kioo sioni kilichopungua isipokuwa nywele. Tumbo lipo, na kidevu kimepata mwenzake. Kwa hiyo ukisikia kwake kwamba naumwa, usiamini sana. Kuna kitu, lakini si homa.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo na tunazungumza karibu kila siku. Utasema mdogo wangu ameanza kuzeeka, amerudi kwenye mambo ya bahasha na gundi. Sababu ni kwamba uliniuliza swali juzi, na nimejaribu kulijibu kwa simu nikashindwa, tena si mara moja. Kila nikifungua mdomo, wewe unanitangulia na shukrani, na mimi nikishukuriwa hulegea kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikaona niandike. Karatasi haimkatizi mtu maneno.

Uliniuliza, kwa upole kabisa, ilikuwaje siku ile ya lori la gesi Chekeche akakosea. Nikakuambia ni hadithi ndefu. Ni ndefu kweli, lakini leo ni siku ya mapumziko, nimebaki peke yangu ofisini na kipasha joto kinachokoroma, na barabara yenu imefungwa mpaka shemeji amalize kukwangua theluji ya wiki iliyopita. Barua itapanda kesho na gari la posta, ambalo huishia kizuizini kwako, na itakufikia boriti yako ikiwa bado chini. Nimengoja mpaka iwe chini ndipo nikashika kalamu. Utaelewa kwa nini.

Kazi yako unaijua kuliko ninavyoijua mimi, lakini acha niitaje, maana habari yote imening'inia hapo. Kila asubuhi madereva wanajipanga mbele ya kizuizi chako, injini zinanguruma, wao wanapuliza vidole na kukutania ufungue. Mbele yao ni barabara ya kupanda mpaka Kona ya Juu, mahali ambapo gari likikutwa na theluji haliendi mbele wala haligeuki. Wewe unaingia kibandani, unanipigia simu. Nikisema leo shwari, unanyanyua boriti. Nikisema leo theluji, unarudi kitini kufuma sweta, wao wanalalamika mpaka wanachoka. Watu wote wale, na shemeji anayewatangulia na katapila lake, wanapita chini ya boriti hiyo, nayo inanyanyuka kwa neno langu.

Na mimi, Dada, kazi yangu si kutabiri. Nimekuambia mara nyingi nawe hukubali. Ulinibandika jina la Mawingu na ukoo mzima umelishika. Mimi ni msahihishaji. Kuna kompyuta zinazotabiri, na kuna mvua na theluji inayoanguka kweli, nami nakaa katikati na kalamu nyekundu kama mwalimu wa shule ya msingi: huyu amepata, huyu amekosa, huyu ameangalizia kwa mwenzake. Binafsi sijawahi kuona mbele hata manyunyu. Muulize wifi yako nimepoteza miamvuli mingapi kwa kuibeba siku za jua.

Ofisini tulikuwa na modeli mbili. Modeli ni hesabu kubwa ndani ya kompyuta inayochukua hali ya hewa ya leo na kuisukuma mpaka kesho. Ya kwanza tunamwita Jamvi, kwa sababu amesukwa kwa mapana: anaigawa nchi katika miraba mikubwa, na kila mraba anaupa kimo kimoja, joto moja, mvua moja, basi. Wa pili ndiye Chekeche, aliyetengenezwa humu humu na yule mwanamke uliyewahi kuzungumza naye kwa simu, tunayemwita Fundi. Matundu yake Chekeche ni madogo. Bonde analiona bonde, ukingo anauona ukingo, na kona yenu alikuwa akiiona vizuri, imebaki tu kukuona wewe na sweta lako.

Jamvi naye ana kituko chake. Ndani ya mraba wake, mlima wenu umechanganywa na mabonde yote ya pembeni, ukapigwa wastani, ukawa kilima. Kilima cha upole, ambacho mimi na tumbo hili tungepanda bila kutweta. Na kwa kuwa ni kilima, baridi yake haitoshi, kwa hiyo theluji ikifika kwa Jamvi inageuka mvua. Kwa hesabu za Jamvi, kwenu haijapata kuanguka theluji tangu dunia iumbwe, na shemeji miaka yote hii anakwangua matope.

Mwaka jana msimu ulipokwisha, Mkurugenzi wetu akasema kulea modeli mbili ni anasa. Mkurugenzi ni mtu mwema, usije ukamsoma vibaya. Anakumbuka siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wetu mpaka ya mfagizi. Tunamwita Wastani, kwa kuwa ukimpelekea jambo lolote, hata la msiba, atakuuliza kwa wastani likoje. Chekeche alihitaji mitambo mingi na watu wa kukaa naye kama mgonjwa. Basi Mkurugenzi akanipa mimi kazi: niuchukue msimu mzima, niwapime wote wawili, mvua na theluji, atakayeshinda abaki.

Nilifurahi kama mtoto. Nilidhani nakwenda kumzika Jamvi.

Sasa ngoja nikueleze tunavyosahihisha, maana hapo ndipo tulipoumia. Unaikumbuka dhoruba ya mwanzo wa msimu ule? Chekeche alisema mapema: theluji nzito, Kona ya Juu. Ikaanguka nzito kweli, lakini upande wa pili wa ukingo, kwenye malisho ya kondoo, mwendo mfupi wa miguu. Wewe ulikuwa umeshusha boriti, ukaliona wingu lilivyokaa, ukanipigia kuniambia huyu Chekeche ni wa ajabu. Njoo sasa kwenye kalamu yangu. Kanuni inasema hivi: pale konani alitaja theluji, haikuanguka, kwa hiyo amekosa. Pale malishoni hakutaja, ikaanguka, kwa hiyo amekosa tena. Na Jamvi? Jamvi hakutaja kitu popote. Malishoni kakosa, konani kapata. Aliyeiona dhoruba akakosea kwa ukingo mmoja alichapwa mara mbili. Aliyelala fofofo alichapwa mara moja, kisha akafutwa machozi na kupewa peremende.

Isitoshe, siku nyingi za mwaka theluji haianguki. Anayesema kila siku hakuna kitu, hata awe jiwe la kando ya barabara, atapatia karibu siku zote. Zile chache atakazokosa ndizo zinazoua watu, lakini ni chache, na chache hazionekani kwenye wastani.

Halafu kuna kile chombo cha bati nyuma ya kibanda chako, unachokiingiza jikoni kila asubuhi ukayeyusha kilichomo na kunitajia kiasi. Mvua inaingia mle kwa adabu zake. Theluji haina adabu. Upepo unaipitisha juu ya mdomo wa chombo, inakwenda zake. Nje mmezama mpaka magotini, ndani ya bati vijiko viwili. Nami lazima nihukumu kwa vijiko viwili, kwa sababu ndicho kipimo rasmi. Kwa hiyo Chekeche aliyesema nyingi anaonekana mwongo, na Jamvi aliyesema kidogo anaonekana ana busara. Ilikuwa kesi ambayo hata shahidi amefungwa kitambaa machoni.

Sitaki ufikiri nilikaa tu. Nilisimama kikaoni na koti langu la heshima, lile linalonibana kwapani, nikaomba tusahihishe kwa namna nyingine: utabiri ukiangukia jirani, upewe walau nusu ya maksi, maana dereva aliyeambiwa kuna dhoruba upande ule hatauliza ni ukingo upi. Nilichora ubaoni na kona yenyewe. Mkurugenzi alinisikiliza kwa makini, kisha akasema, "Tukianza kutoa maksi za ujirani, mwenzangu, hata mimi nitafaulu." Watu wakacheka. Mimi nikawa wa kwanza. Ndio ugonjwa wangu, unaujua tangu utotoni, mtu akinikanyaga namwomba radhi na kumsifia kiatu.

Fundi hakucheka. Aliuliza jambo moja tu. "Watu wa kule juu mtawapa nini?" Mkurugenzi akamjibu kwa upole kwamba watapewa utabiri wa Jamvi, kama raia wengine wote, bila ubaguzi. Mtu utabishana vipi na usawa?

Jamvi alishinda, kwa asilimia isiyobishaniwa. Matokeo niliyaandika mimi mwenyewe, na kila namba ilikuwa sahihi kwa kanuni tuliyopewa. Mwishoni niliongeza aya ya tahadhari, nikaeleza haya yote ninayokueleza, ya malishoni na ya vijiko viwili na ya mlima uliofanywa kilima. Mkurugenzi aliniambia ni aya nzuri mno, na ikahamishiwa kwenye viambatisho, mahali ambapo aya nzuri hupelekwa zikapumzike.

Chekeche alizimwa kabla ya baridi kuingia. Fundi alimzima kwa mkono wake, hakutaka mwingine amguse. Alibonyeza, feni zikapunguza mwendo moja baada ya nyingine, chumba kikawa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani, ambayo miaka yote nilidhani imekufa. Akachukua kikombe chake na sweta lililokuwa mgongoni mwa kiti, akaniambia tusisahau kufunga dirisha. Mitambo ilibebwa wiki ile ile ikaenda idara nyingine. Mimi na Fundi tulijaribu kitu kimoja cha mwisho, kumwamsha Chekeche kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa stoo. Aliamka, maskini. Alifanya hesabu zake zote bila kuruka hata moja, na utabiri wa kesho akautoa keshokutwa. Tulicheka siku ile mpaka tukaketi chini. Siku hizi Fundi yuko kwenye kampuni ya kupanga safari za mizigo. Tukikutana hatuongei habari za hali ya hewa, na ni kazi ngumu hiyo kwa watu wawili wasiojua habari nyingine.

Umeyasoma vizuri hayo, Dada? Nimesema kabla ya baridi kuingia. Ni baridi hii tuliyo nayo.

Nakuona umeiweka barua mezani, umevua miwani. Utakuwa unajiuliza nani basi amekuwa akikutabiria msimu mzima, na yule ninayekuambia kila asubuhi kwamba "anasema hivi, anasema vile" ni nani anayesema. Hakuna anayesema. Ni mimi.

Siku ya kwanza nilikuwa nimekusudia kukuambia. Nilikuwa na sentensi nzima nimeiandaa, nimeifanyia mazoezi bafuni. Ulipopiga nikasikia injini nyuma yako, mtu anakohoa, shemeji anapaza sauti kwamba theluji haimngoji mtu amalize chai. Ukasema, "Haya Mawingu, Chekeche anasemaje leo?" Sauti yako ilikuwa ya mtu asiye na shaka hata chembe. Nikawaza, nikisema hayupo, huyu atabaki ameshika nini? Nikamtazama Jamvi: mvua nyepesi. Nikatazama dirishani, kama vile dirisha la bondeni linajua kitu. Nikaongeza baridi kidogo, nikapunguza upepo kidogo, kama mpishi anayeonja mchuzi, nikakuambia anasema theluji itaanza mchana, msifungue. Ikaanza mchana. Jioni ukanipigia unacheka, ukasema huyo Chekeche wenu mwaka huu mmemnoa kweli. Hapo ndipo nilipopotea. Kuna ulevi ndani ya kupatia, Dada, hasa kwa mtu ambaye maisha yake yote amekuwa akiwasahihisha wengine.

Kesho yake ilikuwa rahisi zaidi, na keshokutwa nikaacha hata kuona aibu. Nilijiambia ni kwa muda tu, mpaka nipate nafasi nzuri ya kukueleza. Nafasi nzuri ni kama mgeni aliyesema yuko njiani.

Siku ya lori la gesi nilikuambia anasema shwari mpaka jioni. Jamvi alisema mvua nyepesi, kama kawaida yake, na mimi asubuhi ile niliamka vizuri, jua limeingia mpaka kwenye kabati la vyombo, wifi yako anaimba. Nadhani nilikutabiria hali ya hewa ya jikoni kwangu. Ukafungua. Yaliyofuata umenisimulia mwenyewe: lori limenaswa na theluji Kona ya Juu, katapila la shemeji halikuweza kulifikia mpaka siku ya pili, na yule dereva mcheshi anayekuita Bibi Boriti amekatwa vidole vya mguu vilivyoganda kwa baridi. Ulikwenda kumwona hospitali, akakutania kwamba sasa atavaa kiatu cha namba ndogo, itakuwa nafuu kupata. Madereva wenzake hawakutania. Walipoanza kunung'unika, ulisimama mlangoni pa kibanda ukawaambia, "Mdogo wangu ana mashine inayouona mlima huu jiwe kwa jiwe. Ikikosea siku moja, hiyo ni bahati mbaya, si uzembe." Wakakuomba radhi. Wewe ukanipigia kunipa pole mimi, kwamba nisijitese, hakuna mashine isiyokosea.

Tangu siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Wifi yako ana macho.

Nikafanya kitu pekee ninachokijua duniani: nikajisahihisha. Nilichukua yote niliyokutabiria msimu huu nikayaweka kando ya yale uliyokuwa ukinisimulia jioni. Sikutumia ile kanuni kali. Nilijipa maksi za ujirani, nilijipendelea kama mjomba anayemsahihisha mpwa wake. Kisha, kama tufanyavyo kwa kila modeli, nikajishindanisha na mjinga. Mjinga ni mtabiri wa kubuni tu, ambaye kila siku husema kesho itakuwa kama leo. Modeli isiyoweza kumshinda huyo haina kazi. Dada, mjinga amenishinda. Zile siku nilizopatia, ambazo ulizisimulia kwa madereva mpaka wakaanza kuniita mtu wa miujiza, hata sarafu ya kurushwa juu ingezipatia.

Nikapima na goti lako. Kila ulipokuwa ukiniambia linauma, theluji inakuja, nilikuwa naandika pembeni kwa mzaha. Linauma siku za theluji, linauma siku za jua, na linauma zaidi siku ulizopanda ngazi. Nisamehe. Ningetamani sana lingeshinda. Ningelipeleka kwa Mkurugenzi likiwa limewekwa juu ya mto. Nikapima na lile duara la mwanga kuuzunguka mwezi, ambalo shemeji anaamini ni dalili ya theluji. Ni vile vile. Nilikaa na namba hizo nikizigeuza huku na huku, natafuta mtu mmoja, kiungo kimoja, mnyama hata mmoja aliyeona chochote. Hayupo.

Ijumaa nilikwenda kwa Mkurugenzi nikamwomba aiandikie idara ya barabara kwamba mlima wenu hauna utabiri. Alishangaa kweli. Akanionyesha kwamba upo, unatumwa kila siku kabla watu hawajafika kazini, na kwamba usahihi wake mwaka huu ni wa juu kuliko mwaka wowote tangu ofisi ianzishwe. Hakunidanganya. Ukichukua mraba mzima na siku zote, ndivyo ilivyo. Kwenye karatasi hamjapata kuwa salama kama mlivyo sasa. Nikamshukuru, nikatoka. Ya kwangu mimi na wewe sikumwambia. Wewe ndiye wa kwanza kuyajua.

Sasa utaniuliza ufanye nini. Nimelifikiri hilo kuliko nilivyofikiri jambo lolote, na nikikujibu nitakuwa natabiri tena. Nikisema usifungue kabisa, ng'ambo ya mlima kuna watu wanaongoja dawa na gesi, na wagonjwa wanaongoja kushushwa. Hao watakufa taratibu badala ya kufa ghafla. Nikisema fungua kila siku, unajua mwenyewe. Nikisema utazame anga, umeitazama miaka yote hiyo, na ni wewe uliyeniambia kwamba siku mbaya kuliko zote ilianza na anga safi kama sahani iliyosuuzwa. Ningesema ushuke huku uje ukae nasi, chumba kipo, wifi yako kila siku anakisafisha. Lakini ukishuka wewe, boriti atapewa mwingine, naye atapiga simu ofisini, atasomewa Jamvi, atafungua.

Ninachokuomba ni kidogo. Usinyanyue boriti kwa neno langu tena, hata nikikubembeleza, hata siku moja nikisema kwa sauti ya uhakika kwamba sasa nimepata njia. Nipigie tuzungumze ya watoto. Madereva wakikuuliza mdogo wako anasemaje, waambie hajui. Watacheka kwanza, watadhani ni moja ya mizaha yetu. Halafu kila mmoja atainua macho juu, nawe utakuwa umeshika boriti mkononi bila mtu nyuma yako. Hicho ndicho nilichotaka kukukinga nacho msimu mzima. Nimekukinga nacho kwa vidole vya mtu.

Sitakuomba msamaha kwenye karatasi, maana najua utanisamehe haraka, kabla hujamaliza hata kuikunja, na mimi kwa sasa sitaki hilo. Kasirika kwanza. Kasirika mpaka uridhike.

Wifi yako anakusalimu sana, na watoto wanakusalimu, yule mdogo anakutumia mchoro wa katapila lenye macho, nimeukunja humu. Shemeji nisalimie, lakini habari hizi usimwambie wewe. Akishuka kutoka kukwangua mwambie anipigie, nitamwambia kwa mdomo wangu. Ni yeye aliyekuwa akitangulia, ana haki ya kunitukana moja kwa moja bila kupitia kwako. Na yule dereva, sijui mtu kama huyo anasalimiwaje. Ukienda tena kumtazama, kaa naye muda mrefu kidogo kuliko siku ile.

Nimesikia barabara itafunguliwa wiki ijayo. Hali ya hewa ya siku hiyo siijui.

Ni mimi mdogo wako,
Mawingu